Maafikiano Kuhusu Kadi ya Picha

Nilikuwa natandaza dawa ya kupozea juu ya prosesa ya kompyuta, kiasi cha punje moja ya mchele, jirani yangu Pak Dulkamid alipopita nje ya dirisha la karakana na bata wake. Kazi hiyo haitaki haraka. Dawa ikizidi inamwagika pembeni, ikipungua joto linakosa njia ya kutokea. Kwa hiyo sikuinua kichwa.

"Karsidi," akaita. "Hongera. Nimeona."

"Umeona nini, Pak?" nikamuuliza kwa heshima, maana kwetu Pak ni Bwana.

"Nimeona ipi umeiweka juu." Akacheka peke yake, akawaswaga bata wake kuelekea mashambani.

Nilishusha feni juu ya prosesa, nikakaza skrubu kidogo kidogo, hii kisha ile ya pembe ya pili, mpaka zote zikashika sawa. Ndipo nikageuka kutazama dirisha. Pale dirishani nilikuwa nimeweka maboksi mawili ya kadi za picha, zile zinazochora michezo kwenye skrini. Koh Hendra, muuza vipuri wa mjini Magelang, alinikopesha zote mbili nizijaribu, moja niinunue na nyingine niirudishe bila mkwaruzo. Boksi moja jekundu, jingine la kijani. Ndizo rangi za kampuni mbili zinazoshindana kuzitengeneza. Boksi dogo nililiweka juu ya kubwa, kama mtu anavyopanga sahani. Dogo lilikuwa la kijani.

Mwezi mwingine wowote hilo lisingekuwa na maana. Lakini kijiji chetu kilikuwa kinaelekea kumchagua mkuu wake, na wagombea wawili walikuwa wameshagawana rangi. Mmoja aligawa fulana nyekundu, mwenzake za kijani. Hali ilifika mahali ambapo muuza pilipili wa sokoni alichanganya mbichi na zilizoiva katika kila fungu, asije akaulizwa yuko upande gani.

Kabla sijamaliza kufunga vipande vya kumbukumbu vya kompyuta, pikipiki ya Pak Wiryono ilisimama nje. Pak Wiryono ndiye mkuu wa mtaa wetu, na sote tunamwita Pak RT, yaani Bwana Mtaa. Ni mtu mwema. Kitu kimoja tu anakiogopa duniani, nacho ni majirani wawili kutosalimiana.

"Pak Karsidi, samahani sana. Tafadhali ziondoe pale."

"Niziweke wapi, Pak?"

"Ubavu kwa ubavu."

"Ipi ikae kulia?"

Akafikiri. Akavua kofia, akaivaa tena. "Ziweke chini ya meza," akasema. "Nimeshapigiwa simu na watu wa nyekundu. Wanasema mtaa umeamua kijani ikae juu, na wao hawakushirikishwa."

"Mtaa haujaamua kitu. Hata kompyuta bado haijawaka."

"Ndivyo nilivyowaambia. Wakasema, kumbe ilikuwa iamuliwe kimyakimya." Alipumua. "Kesho Jumapili, tukishasafisha mitaro, tutakaa tushauriane. Uje na kila kitu, watu waone kwa macho yao."

Niseme kompyuta hiyo ilikuwa ya nani. Ilikuwa ya vijana wa mtaa, imenunuliwa kwa fedha ya chupa za plastiki ambazo kina mama walikusanya na kuuza. Wa kwanza kuitumia alikuwa awe Wening, binti wa jirani yetu Bu Murniasih, yaani Mama Murniasih. Wening ana miaka kumi na tisa, na katika michezo ya kompyuta ya kulenga shabaha hakuna anayemweza kuanzia hapa mpaka mjini. Alijifundishia kwenye duka la kukodisha kompyuta, ambalo siku hizi linauza kuku wa kukaanga. Timu moja ya Semarang inayocheza kwa mshahara ilimwita kwenye majaribio. Majaribio yenyewe yalikuwa Jumatatu saa nane mchana, kila mtu achezee mahali alipo. Akichukuliwa, atakwenda Semarang kuishi na timu. Asipochukuliwa, mama yake ameshamwombea nafasi kwenye kiwanda cha glovu, na mwezi ujao anaanza kushona vidole.

Kwa hiyo tulikuwa Jumamosi jioni, kompyuta haina kadi, na kadi zilikuwa chini ya meza kwa sababu za kiusalama.

*

Jumapili tulisafisha mitaro mpaka jua likawa kali, kisha tukanawa miguu na kukaa kwenye mikeka sebuleni kwa Pak RT. Palikuwa na chai tamu, tempe ya kukaanga, ile ya soya iliyochachushwa, na karanga za kuchemsha. Nilibeba kompyuta ikiwa wazi ubavu, nikaiweka katikati pamoja na skrini yake. Maboksi niliyafunika kwa taulo jeupe la Pak RT.

Kwetu, kwenye mikutano, vijana ndio wanaoandaa chai na kuipitisha. Hawasemi. Wening aliingia na sinia akitembea kwa magoti kama inavyotakiwa, akampa kila mtu glasi yake, akarudi kwenye mlango wa jikoni na kukaa hapo. Hakuna aliyemuuliza kitu. Si kwa ubaya. Aliyeshika sinia haulizwi.

Pak RT alifungua kwa salamu, akashukuru kwa mitaro, akashukuru kwa hali ya hewa, akawashukuru waliofika na wasiofika. Kisha akasema kuna jambo dogo la kiufundi. Akaondoa taulo.

Shingo zote zikanyooka kuelekea maboksi.

"Nauliza tu," alisema Bu Murniasih. Yeye ndiye mweka hazina wa fedha za chupa, na fulana aliyovaa ilikuwa nyekundu mpya, mikunjo ya pakiti ikionekana bado. "Nauliza tu kwa kutaka kujua. Nyekundu ina namba gani?"

Nikamsomea namba iliyoandikwa kwenye boksi.

"Na kijani?"

Nikamsomea.

"Ya nyekundu kubwa," akasema. "Sisemi kitu. Nimesoma tu hesabu."

"Bu Mur," alisema Pak Dulkamid, wa upande wa kijani, "hata bei ya ujinga ni kubwa. Namba peke yake haitagi yai."

"Wewe, Pak Dul, ulishawahi kushika kompyuta?"

"Sijashika. Lakini na wewe ulishika lini? Juzi simu ilikushinda kuizima, mpaka adhana inaadhiniwa yenyewe inaimba."

Watu wakacheka, pande zote mbili, nami nikadhani tumevuka. Pak RT naye alidhani hivyo, akaniomba nieleze kitaalamu ipi ni bora.

"Sijui bado," nikasema. "Sijazijaribu kwenye ubao huu unaounganisha vipande vyote. Kadi ni kama mkwe, unamjua akishaingia nyumbani."

Niliona wamevunjika moyo. Walitaka fundi ajue. Mzee mmoja aliuliza kwa upole kama nimewahi kujifunza kazi hii mahali. Nikamwambia hapana, nilijifunza kwa kufungua na kufunga. Akatikisa kichwa kwa huruma, akanisogezea karanga.

"Basi ziwekwe zote mbili!" alisema mwingine. "Kila upande una yake."

"Tundu la kadi ni moja tu," nikasema.

"Fahali wawili, zizi moja," alisema Pak Dulkamid. "Haiwezekani."

"Zipokezane, wiki kwa wiki."

"Na wiki ya uchaguzi itakuwa zamu ya nani?"

Wakaibua hoja nyingine. Kwetu hatupigi kura kwenye mikutano ya mtaa. Kura ni ya watu walioshindwa kuelewana, na inaacha wengine wakiwa wameshindwa mbele ya wake zao. Tunashauriana mpaka tuafikiane, yaani mpaka kila mtu achoke kwa kiasi kinacholingana. Kuna aliyependekeza kampuni ya tatu, yenye boksi la bluu. Akajibiwa kwamba bluu ni rangi ya timu ya mpira ya kijiji jirani. Kuna aliyependekeza boksi lisilo na rangi. Nikawaambia kadi isiyo na jina hata Koh Hendra haiuzi.

Mwishowe Pak RT akasema, "Hebu Pak Karsidi aziwashe tu, tuone zinavyokaa. Bila kuamua."

Nikaanza na nyekundu, kwa kuwa nilikuwa karibu nayo. Ikawaka, feni zikazunguka, haikutoa taa yoyote. Watu wa kijani wakatazamana.

"Ya kwetu haina haja ya kujionyesha," alisema Bu Murniasih.

Nikazima, nikaitoa, nikaweka ya kijani. Sikuwa nimeiwasha hata siku moja, sikujua waliitengenezaje. Nikabonyeza kitufe. Feni zikazunguka, na pembeni mwa kadi ukawaka mstari wa taa. Mwekundu. Mwekundu wa fulana ya Bu Murniasih hasa.

Nilisikia glasi ikiwekwa chini.

"Ndumilakuwili!" alisema mtu nyuma.

"Imenunuliwa!" alisema Pak Dulkamid, na sauti yake haikuwa ya mzaha tena. "Boksi la kijani, moyo mwekundu. Hao ndio tunaowasema kila siku!"

"Msitusingizie," alisema Bu Murniasih. "Hatukuituma. Na hatumpokei mhamiaji wa dakika za mwisho."

Nilijaribu kusema kwamba ni taa tu, kiwandani mtu alichagua taa iliyokuwa stoo. Hakuna aliyesikia. Upande wa kijani sasa hawakuitaka kadi yao, kwa kuwa ni msaliti. Upande wa nyekundu hawakuitaka kwa sababu hiyo hiyo. Na nyekundu ya kweli haikuweza kukubaliwa na kijani hata ingechora pepo yenyewe. Niliwatazama, na siwezi kusema walikuwa wajinga. Kila mmoja alikuwa anaogopa atakachoambiwa na wenzake akifika nyumbani.

Pak RT aliinua mikono, akatoa maafikiano kwa maneno aliyoyachagua kwa uangalifu. Kadi yoyote isichaguliwe kwa sasa. Iundwe kamati ndogo ya watu wa pande zote, yeye akiwa mwenyekiti. Kamati ikae baada ya uchaguzi, uchungu ukishapoa, itoe taarifa. Tukubaliane?

"Inggih," wakasema wote. Ndiyo. Kwetu neno hilo linaweza kumaanisha nimekubali, nimesikia, au naomba kwenda nyumbani.

Nilitazama mlango wa jikoni. Wening alikuwa ameshika sinia tupu kifuani kwa mikono miwili. Uso wake haukubadilika, lakini hakusimama kukusanya glasi. Mwingine alikusanya.

*

Wening alinikuta karakana, najaribu kurudisha kadi kwenye mifuko yake.

"Pakde," akasema, maana ananiita baba mkubwa, "kamati itakaa lini?"

"Baada ya uchaguzi."

"Majaribio ni kesho."

"Najua, nduk, mwanangu."

Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Aliokota skrubu moja sakafuni, akaigeuzageuza. "Ningekuwa navuta bangi wangeitisha kikao siku hiyo hiyo," akasema. "Kiwandani wanatoa glovu za bure, lakini za mkono mmoja. Zile zilizokosewa. Binamu yangu ana gunia zima, zote za kushoto."

 Nilimmiminia chai.

"Pakde. Walisema isichaguliwe, sivyo?"

"Ndivyo."

"Walisema isijaribiwe?"

Nilikumbuka mkutano wote tangu salamu. Mimi hupenda kuwa na hakika. "Hapana," nikasema. "Hakuna aliyesema hivyo."

"Barabara ya juu iliwekwa bango kwamba malori ya mchanga yanapitishwa kwa majaribio," alisema Wening, "na yanapita mpaka leo. Bango lenyewe limeota ukoga."

Hilo lilikuwa kweli. Katika nchi yetu, kitu kinachochaguliwa kinahitaji mkutano, muhuri na chakula. Kinachojaribiwa hakihitaji chochote, na hakuna anayekumbuka kukiondoa.

Nikatoa kadi zote mbili tena.

Tulianza na nyekundu. Wening alitaka iwe hiyo, hakuficha. "Ikishinda hii, nyumbani hakuna ugomvi," akasema. Na mwanzoni ilikuwa inashinda. Ilichora picha nyingi kwa sekunde kuliko ile nyingine, wastani wake ulikuwa mzuri. Lakini maadui walipotokea wengi kwa pamoja ilisita, kama mtu aliyesimama kuhutubia akasahau anataka kusema nini. Ikisita kidogo tu, Wening anakuwa ameshapigwa risasi.

Sipendi kuisingizia kadi. Nilibadilisha kebo ya umeme. Nilipunguza vivuli na majani ya miti. Niliitoa, nikapuliza tundu, nikairudisha. Ikasita vile vile. Nilichukua muda kuelewa. Kadi hiyo ni mpya, imetengenezwa kwa ajili ya ubao wenye mlango mpana. Ubao wetu ni wa zamani, niliupata kwenye kompyuta ya ofisi. Kadi ilikuwa mpishi hodari katika jiko lenye mlango wa kupita mtu mmoja tu. Mwenye ubao mpya angeifurahia sana.

Ya kijani haikuwa na maajabu. Namba yake ndogo, umri wake mkubwa. Ilikwenda polepole, lakini haikusimama hata mara moja, na mstari wake mwekundu uliwaka bila aibu.

"Ni hii," alisema Wening, bila furaha.

Hapo ndipo mama yake alipoingia. Nadhani alikuwa amekwenda jikoni kwake, akakuta hakuna aliyewasha jiko. Alisimama mlangoni na fulana yake.

"Hiyo iliyomo ni ipi?"

Wening aliangalia kibodi. Nikajibu mimi. "Ya kijani, Bu."

"Yule kigeugeu?"

"Ndiye."

"Pak Karsidi, mkutano si umesema isichaguliwe?"

"Haijachaguliwa, Bu. Inajaribiwa."

Aliniangalia muda. Bu Murniasih ameweka hazina za mtaa miaka mingi, anajua mlango wa nyuma anapouona. "Na nyekundu ina ubaya gani? Namba yake si kubwa?"

"Haina ubaya. Haipatani na ubao huu tu."

"Maneno hayo hata mgombea wao anayasema. Nionyesheni."

Nikazima, nikabadilisha. Wening akacheza. Mama yake alikuwa hajawahi kumwona akicheza. Alizoea kumwona akirudi. Alisimama nyuma ya kiti, mikono kiunoni, akifuata vidole kuliko skrini. Picha ikasita. Skrini ikawa ya kijivu.

"Nini hicho?"

"Nimeuawa, Mama."

"Na nani?"

"Sikumwona. Picha ilisimama."

"Sasa wewe ungefanyaje, na hukumwona?" Alisema kwa hasira, kana kwamba mtu amemvizia binti yake njiani. "Weka ile nyingine."

Nikabadilisha. Wening akacheza pale pale, na maadui wale wale wakatokea kwenye ngazi ile ile. Akawashusha mmoja mmoja, kwa utulivu, kama anayeondoa mawe kwenye mchele. Mama yake akasogea karibu.

"Na huyo, wa nyuma ya pipa?"

"Namwona."

"Kuna mwingine kushoto. Kushoto, Ning!"

"Namwona, Mama."

Na kweli alimwona. Bu Murniasih akavuta ile ndoo akaikalia. 

"Inakaa humo mpaka lini?" akaniuliza.

"Mpaka kamati itoe taarifa."

"Mwenyekiti ni Pak RT?"

"Ndiye."

"Basi itaozea humo." Akajifuta uso kwa pindo la fulana. "Mtu akiniuliza, mimi sijui kompyuta. Nilikuja kumwita mtoto kula. Kitu gani kimebaki?"

Nikamwambia. Nyaya za ndani hazijafungwa, moja inagusa feni. Mfuniko wa ubavu bado. Lakini kubwa ni intaneti. Ya simu hapa karakana inakatika, na majaribio hayasubiri. Ya waya ipo kwa Pak RT, nami nina kebo ndefu ya kutosha, ila lazima ipite juu ya banda la bata.

"Banda la nani?"

"La Pak Dulkamid, Bu."

Wening aligeuka kumtazama mama yake. Mimi nikajishughulisha na bisibisi.

"Tangu fulana zigawiwe hatujaongea mimi na yeye, isipokuwa kutukanana," alisema Bu Murniasih. "Leo mmesikia wenyewe." Akaitazama fulana yake. "Anaamka saa ngapi kulisha bata?"

"Alfajiri," nikasema.

"Anapenda nini? Sigara?"

"Ameacha. Anapenda tempe ya moto."

"Basi nitakaanga." Akasimama, akamgusa Wening begani. "Twende ukale. Kesho tutarudi hapa, na huyu Pakde wako atakuvutia huo waya. Kama akikataa yule mzee, nitalia mbele ya bata wake mpaka akubali."

Adhana ya magharibi ilikuwa imeanza. Nilizima kompyuta, nikaweka skrubu za mfuniko ndani ya kikombe. Waya ule niliusogeza kwa kidole usiguse feni, lakini sikuufunga, kwa sababu mwanga ulikuwa umeshaondoka na kazi ya kufunga nyaya gizani hurudiwa. Nikafunika yote kwa kanga ya mke wangu, nikachukua ile kebo ndefu na kuitundika msumarini karibu na mlango, tayari kwa alfajiri.